Kodi Nafuu, Nauli ya Wawili

Umewahi kupitilizwa kituo, mpenzi msomaji? Sizungumzii kile kituo kimoja cha kushuka mbele kidogo na kurudi kwa miguu huku unajicheka. Nazungumzia kufumbua macho saa nne na nusu usiku, gari limesimama, konda anafagia maganda ya karanga, na abiria aliyebaki ni wewe peke yako.

"Dada, mwisho wa gari hapa."

"Hapa wapi?"

"Mlandizi."

Mimi nilitakiwa kushuka Maili Moja, Kibaha. Mlandizi iko kama kilomita 20 mbele, kwenye hiyohiyo Barabara ya Morogoro. Simu ilikuwa imezima. Mkobani nilikuwa na vitabu vitatu vya maktaba, chupa ya maji tupu na shilingi 2,000. Ilikuwa Juni 2022, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri, nina miaka 33, ni mke wa mtu, na hakuna binadamu aliyejua niko wapi.

Nitarudi Mlandizi baadaye. Kwanza nikusimulie nilifikaje huko, maana najua wapo wengi mnaosoma ukurasa huu huku mna barua ya kupokelewa chuoni mezani, na pembeni yake kuna ujumbe wa mwenye nyumba anayetaka kodi.

Barua mbili wiki moja

Mwaka 2021 tulikuwa tunakaa Sinza. Vyumba viwili, sebule na jiko dogo ambalo mkipishana wawili lazima mmoja arudi nyuma. Kodi shilingi 400,000 kwa mwezi. Hatukuwa matajiri, lakini mishahara miwili ilikuwa inatosha, na mwisho wa mwezi tulikuwa tunabakiwa na hela ya kwenda kula samaki.

Kisha nikapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kusomea umahiri wa Kiswahili. Shahada yangu ya kwanza ni ya mawasiliano, na kwa miaka minane kazi yangu imekuwa kuhariri maandishi ya wengine. Nilitaka sasa niijue lugha yenyewe kwa undani. Nikaomba likizo isiyo na malipo kazini, nikabaki na vikazi vya kuhariri vya hapa na pale.

Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akatuma ujumbe: kodi inapanda, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Ukichanganya na ada ya chuo, akiba yetu yote ilikuwa inaondoka kabla sijanunua hata daftari.

Mwenzangu ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Usiku ule alichukua karatasi, akapiga hesabu, akaisukuma upande wangu wa meza. "Hapa mjini hatutoboi miaka miwili," akasema. "Tutoke nje."

Nje kwa mtu wa Dar kuna njia nyingi. Wapo waliokimbilia Bunju, wapo wa Chanika, wapo wa Mbagala ndani ndani. Wala si sisi peke yetu katika Afrika Mashariki. Ukienda Nairobi utakuta watu wanalala Kitengela, na Kampala wapo wanaolala Mukono, wote wakiamka gizani kuufuata mji. Sisi tulibaki na majina mawili, yote ya Mkoa wa Pwani: Kisarawe na Kibaha. Yeye alitaka Kisarawe. Mimi nilitaka Kibaha. Tukakubaliana twende kuangalia kote.

Jumamosi ya Kisarawe

Kisarawe tulikwenda kwanza, kwa heshima ya mwanamume wa nyumba. Unatoka Kariakoo, unaifuata Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, kisha Pugu. Hapo barabara inaanza kupanda. Kwa mtu aliyezoea Dar tambarare, vilima vya Pugu ni kitu cha kukufanya ufungue dirisha. Hewa inabadilika. Kushoto na kulia kuna mikorosho, minazi, miembe, mihogo. Ukifika Kisarawe mjini unaona kwa mbali kijani cha msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na unajiuliza inakuwaje haya yote yako kama kilomita 30 tu kutoka Posta.

Njiani tulipita Pugu sekondari. Wakati huo ikiitwa Mtakatifu Fransisko, ndiko alikofundisha Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake ya umahiri. Mchana alikuwa darasani, na siasa zilikuwa mjini. TANU ikazaliwa Julai 1954, na mwaka 1955 ilibidi achague moja, ualimu au siasa. Akaacha kazi. Mwenzangu akanitania, "Unaona? Hata wasomi wakubwa wameanzia njia hii." Nilicheka. Sikufikiria kwamba kisa kile kilikuwa pia kinahusu mtu mwenye maisha mahali pawili, na kwamba mwisho wake kulikuwa na kuchagua.

Dalali alitupokea kituoni, akachukua hela yake ya usumbufu kabla ya kutembea hatua moja, akatupeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja na mwembe. Shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kizaramo aliyevaa kofia ya vito, amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mnatafuta nyumba au mnatafuta kupumzika?"

"Vyote viwili, mzee," mwenzangu akajibu.

Nikauliza maji, kwa sababu sifa mbaya ya Kisarawe niliyoisikia miaka yote ilikuwa maji. Mzee akanyoosha kidole kwenye bomba. Alisema kina mama wa pale walizeeka wakibeba ndoo na kununua maji ya madumu, hadi mradi wa DAWASA ulipozinduliwa Juni 2020. Maji yanatoka Mto Ruvu, mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi. Yanasukumwa hadi Kibamba, na kutoka Kibamba yanapandishwa Kisarawe. Akafungua bomba ili tuone, akalifunga harakaharaka kama mtu anayeficha hela.

Mwenzangu alikuwa ameshahamia kichwani. Nilimwona akiukagua mwembe. Na kwa kazi yake ilikuwa sawa kabisa, maana Barabara ya Nyerere inamshusha karibu na mlango wa duka. Lakini mimi? Kwenda Mlimani ningeshuka Gongo la Mboto, nitafute gari la Ubungo kupitia Mandela, nigombanie mlango na wenye miili yao, kisha nitafute la Chuo. Na vipindi vingine vilikuwa vinaisha saa mbili usiku.

Kwenye gari la kurudi nikamwambia, "Kisarawe ni pazuri, lakini mimi ndiye mwanafunzi. Chuo ndicho kinachotuhamisha."

Akakaa kimya mpaka Gongo la Mboto. Kisha akasema, "Sawa."

Dada yangu unayesoma hapa, jifunze kwangu. "Sawa" ya mwanamume aliyekaa kimya kilomita kadhaa si sawa.

Mji uliozaliwa na shule

Kibaha tulikwenda Jumamosi iliyofuata, na nikiri kwamba niliipenda kabla sijafika. Wengi tunaijua kwa dirisha la basi tu: kituo cha Maili Moja, majina kama Picha ya Ndege na Kwa Mathias, wauza matunda wanaokimbia na beseni kichwani. Lakini Kibaha ni zaidi ya kituo cha basi. Ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na ni mji ambao kwa kweli ulizaliwa na shule.

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado mbichi, nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha hapa mradi wa pamoja wa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Wakajenga sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Shule ya Sekondari Kibaha ilianza mwaka 1965, na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwemo Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais wa nne. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Mpaka leo ukipita eneo la Tumbi unaona ule mpangilio wake: miti mikubwa, majengo yaliyoachiana nafasi, hospitali, shule, maktaba. Na mwaka 2022, Kwa Mfipa, ikafunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kusomea, unataka nini tena?

Barabara nayo ilikuwa inatuita. Upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulikuwa ukingoni. Stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa imehama kutoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka huohuo wa 2021. Nikamwambia mwenzangu kwamba mji wenyewe unatufuata.

Tukapata nyumba Tumbi. Vyumba vitatu, uzio wa michongoma, LUKU yetu wenyewe, shilingi 180,000. Mama mwenye nyumba aliishi nyumba ya jirani, mjane, muuguzi mstaafu. Alitutazama wote wawili, akauliza swali moja tu.

"Nani kati yenu anafanya kazi mbali?"

"Mimi nasoma Mlimani, mama," nikajibu upesi.

"Na mwanangu huyu?"

"Kariakoo, mama," akajibu mwenyewe.

Mama akatikisa kichwa, akatupa funguo. Oktoba 2021 tukahama na gari moja la mizigo, kitanda juu, mimi nimepakata jiko la gesi.

Fungate ya miezi mitatu

Mwanzo ulikuwa mtamu, nisikufiche. Usiku Kibaha kuna giza la kweli na nyota. Tulipanda mchicha na bamia, tukafuga kuku sita. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikuwa na meza ya kuandikia ambayo si ya kulia chakula. Kila mwezi tulikuwa tunaokoa shilingi 220,000 za kodi, na nilizitangaza kwa mashoga zangu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Ila kila siku ilikuwa na upande wake wa pili. Bodaboda kutoka nyumbani hadi barabarani. Daladala hadi Mbezi. Jingine hadi Ubungo. Jingine hadi Chuo. Saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi, na siku ya mvua usihesabu. Nilijifunza kusoma makala nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba la gari, mwingine umeshika karatasi. Nikawa nawaambia wenzangu darasani kwamba mimi nachukua umahiri wa aina mbili, wa Kiswahili na wa kusimama kwenye daladala.

Mwenzangu alikuwa anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Alijizoeza kuvaa gizani ili asiniamshe. Akirudi, mimi niko njiani. Nikirudi, yeye amelala kwenye kochi na televisheni inaongea peke yake. Jumamosi yuko dukani. Jumapili tunafua, tunalala, tunanuniana kidogo kwa sababu ya vitu visivyo na maana: nani hakuzima taa ya nje, nani hakufungia kuku. Kuna wiki moja niligundua kwamba tumezungumza zaidi kwa ujumbe wa simu kuliko kwa mdomo, na ujumbe wenyewe ulikuwa "umepanda gari?" na "gesi imeisha".

Mei 2022, baada ya mafuta kupanda bei, nauli nazo zikapanda. Mimi nikalalamika kwa sauti. Yeye hakusema kitu.

Mshikaki wa Mlandizi

Basi turudi Mlandizi, saa nne na nusu usiku.

Siku hiyo nilikuwa nimewasilisha kazi ya muhula, sijalala siku mbili. Mbezi magari ya Kibaha yalikuwa yamejaa, nikapanda la Mlandizi maana linapita Maili Moja. Nikapata kiti cha dirishani, na hicho ndicho kilichoniponza.

Konda alikuwa kijana muungwana. Akanipa simu yake. Namba moja tu ndiyo ninayoijua kwa kichwa. Ililia mara moja, ikapokelewa.

"Uko wapi?" Hakusema hata haloo.

"Mlandizi. Nilipitiwa na usingizi."

Kimya. Kisha, "Kaa hapo penye taa. Usiondoke."

Alikuwa amesimama kituoni Maili Moja tangu saa tatu, akichungulia kila gari linaloshusha. Alikuja na bodaboda ya jirani yetu, dereva mbele. Tukapanda mshikaki, mimi katikati, malori ya mikoani yakitupita na kututikisa. Ilikuwa hatari na sikushauri mtu. Njia nzima nilisikia moyo wake ukidunda mgongoni kwangu.

Nyumbani nilijiandaa kugombezwa. Badala yake akapasha ugali na maharage, akanisogezea sahani, akakaa mbele yangu.

"Mke wangu," akasema, "umewahi kuhesabu nauli yangu?"

Nilitaka kujibu, nikakuta sina jibu. Nilikuwa na daftari zima la bajeti. Kulikuwa na ada, vitabu, kodi tuliyookoa, nauli yangu hadi senti ya mwisho. Ukurasa wa nauli yake haukuwepo.

Akaleta karatasi, kama ile ya Sinza. Safari hii tuliandika wote.

Sinza kila mmoja alikuwa anatumia kama shilingi 1,000 kwa siku kwenda na kurudi. Kibaha, pamoja na bodaboda, 5,000. Nyongeza ni 4,000 kwa kila mmoja kwa siku. Mimi siku 20 kwa mwezi: 80,000. Yeye siku 26: 104,000. Jumla 184,000. Toa kwenye ile 220,000 ya kodi niliyoitangazia dunia. Zinabaki 36,000.

"Sasa saa," akasema.

Sinza kila mmoja alikuwa barabarani kama saa moja kwa siku. Kibaha ni saa tano. Nyongeza saa nne. Mimi saa 80 kwa mwezi, yeye saa 104. Jumla saa 184.

Tulikaa tukaitazama ile karatasi. Kwa saa 184 za maisha yetu tulikuwa tunalipwa shilingi 36,000. Hata shilingi 200 kwa saa haifiki. Hakuna kibarua nchini ambaye angekubali mshahara ule, na sisi tulikuwa tumehama kwa furaha kuufuata. Na zaidi ya nusu ya kazi ile aliifanya mtu ambaye hakuwa na chuo, hakuwa na shahada ya kusubiri, na alikuwa ameomba kwa upole tu nyumba yenye mwembe.

Nililia, ndiyo. Si kwa ajili ya Mlandizi.

Tulichobadilisha

Hatukurudi Sinza. Hela ya kodi ya miezi sita haikuwepo, na ukweli ni kwamba tatizo halikuwa Kibaha. Tatizo lilikuwa kuishi Kibaha kwa ratiba ya Sinza.

Kwanza, wiki zilizobaki za masomo nilizibana ziwe siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, na Jumatano nikawa nalala kwa ndugu yangu Manzese. Mwenzangu alizungumza na bosi wake, akakubaliwa kufanyia nyumbani hesabu za Jumamosi. Kumbe alikuwa hajawahi kuomba, na bosi alikuwa hajawahi kukataa. Jumapili tukaweka sheria ya nyumba: hakuna mtu anayevuka barabara kuu.

Pili, likaja jambo ambalo ningelijua mapema lingetuokoa. Mwaka wa pili wa umahiri hauna vipindi vya kila siku. Ni tasnifu. Unamwona msimamizi mara moja kwa wiki mbili, mengine ni wewe na karatasi zako. Hapo ndipo Kibaha ilipoanza kunilipa. Asubuhi nilitembea kwa miguu hadi maktaba ya Shirika la Elimu, nikakaa dirishani na watoto wa sekondari wanaojiandaa na mitihani. Mchana narudi, napika, naandika barazani. Mama mwenye nyumba akipita ananiuliza, "Mwanangu, kitabu kimefika ukurasa wa ngapi?" Nikimtajia namba ileile ya jana, anacheka hadi anashika kiuno. Sura tatu za tasnifu yangu ziliandikwa kwenye baraza lile, kuku wakinipita miguuni.

Ndiyo maana nikiulizwa leo kama mwanafunzi wa shahada ya juu ahamie mji wa nafuu, sijibu ndiyo wala hapana. Nauliza uko mwaka gani. Mwaka wa darasani kaa karibu na darasa, hata kama ni chumba kimoja. Mwaka wa kuandika, nenda kwenye utulivu. Sisi tulifanya kinyume, tukalipia kosa hilo mwaka mzima.

Kabla hujaita gari la mizigo

Kwa wenzangu mnaofikiria kuhama, wenye ndoa na mnaoelekea huko, chukueni haya.

Hesabuni nauli ya wawili, si ya mwanafunzi peke yake. Kila mmoja aandike safari yake mwenyewe, kwa mwandiko wake, na bodaboda ya mwanzo na ya mwisho iwemo.

Hesabuni saa kama mnavyohesabu hela. Gawanyeni mnachookoa kwa saa mnazoongeza njiani. Namba mtakayopata ndiyo mshahara mnaojilipa.

Msiende kuangalia nyumba Jumamosi mchana tu. Nendeni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri mkapande gari kama abiria. Rudini usiku mjue gari la mwisho linapatikana saa ngapi na taa za kituo zinawaka au la.

Ulizeni kama LUKU ni yenu peke yenu au ya nyumba nzima. Fungueni bomba wenyewe. Mkataba uandikwe, na malipo ya dalali yajulikane kabla ya kuingia ndani ya geti.

Na mwisho, mwenzako akisema "sawa", muulize sawa ya nini. Muulize kabla hamjalipa kodi.

Barabara ya zamu

Nilimaliza mwaka 2023. Siku ya mahafali pale Mlimani mama mwenye nyumba alikuja na kitenge kipya, akapiga vigelegele kuliko mama yangu mzazi. Picha tuliyopiga siku ile iko ukutani, mimi nimevaa joho, mwenzangu amebeba viatu vyangu vya kubadilisha.

Nilirudi kazini, ila kuhariri kwa sasa nafanya zaidi nyumbani, ofisini naenda siku mbili kwa wiki. Mwenzangu naye akaanza kujiandaa na mitihani yake ya uhasibu, ile aliyokuwa anaiahirisha tangu Sinza. Jioni moja mwaka 2024 nikamwekea karatasi mezani. Safari hii mimi ndiye niliyepiga hesabu. Nauli yake, saa zake, njia yake. Chini nikaandika neno moja: Kisarawe.

Akaitazama muda mrefu. "Na wewe ofisini utafikaje?"

"Siku mbili tu. Zamu yangu kuamka gizani."

Nyumba ya mzee ilikuwa imeshapata watu, lakini tulipata nyingine mtaa wa pili, nayo ina mwembe. Mama wa Kibaha alitufungia kuku wawili kwenye kikapu, akatuambia tusisahau njia.

Asubuhi za siku zangu mbili napanda gari la alfajiri kushuka vilima vya Pugu, ukungu bado umekaa kwenye miti. Huwa sisinzii. Nimeandika namba yake kwenye kikaratasi ndani ya mkoba, ingawa naijua, na simu naijaza chaji usiku. Siku tano zilizobaki yeye ndiye anayeondoka. Ila siku hizi havai tena gizani. Anawasha taa, ananiamsha, na tunakunywa chai.